Wapangaji wa Limbani

Nyumba yangu hapa Wete ina vyumba vitatu vya kukodisha
na choo kimoja, uani, cha kupeana zamu.
Niliandika kwa chaki mlangoni: watu wa heshima tu.
Mungu akaniletea watafiti.

Cha mbele yumo Msellem. Anachimba Mtambwe.
Maji yakitoka anavuka kwa miguu, viatu mkononi,
akirudi magharibi na mfuko wa vigae
alivyovifunga kimoja kimoja kama vitumbua vya kuuza.
Kimoja alinionesha: "Hiki, Bi Time, kina miaka mia tisa."
Nikakigeuza. Chini kina masizi.
Nikamwambia, "Huyu aliunguza mchuzi."
Akacheka, kisha akanyamaza, kisha akaandika.

Cha kati Raya, msichana wa Konde, yeye na popo.
Usiku kucha hayupo; alfajiri huyo,
na mbegu ndani ya vichupa,
na mavi ya popo, nasema wazi, juu ya meza yangu ya arusi.
Ati anataka kujua nani aliyepanda msitu wa Ngezi.
"Si Mungu?"
"Mungu, bibi. Mie natafuta vibarua wake."

Cha nyuma, ubavuni mwa jiko, Faki na nyaya zake kama tambi za Idi,
anaunda kidude cha kunusa mvua,
kilie kabla tone halijagusa karafuu.
Wiki ya kwanza kililia kwa ubani wangu.
Ya pili kililia kwa mvuke wa wali.
Ya tatu hakikulia kabisa, na mvua ikaja,
na mimi niliyekiamini (ndiyo, mimi)
nikakimbizana na majamvi peke yangu barabarani.
Gunia zima likawa mpeta.
Siku ile Faki hakula. Alifungua daftari
akaandika: kimeshindwa. Na tarehe. Na saa.
Hapo ndipo nilipompenda kijana yule.
Mwanamme gani mwingine nilimwona akiandika kosa lake kwa wino?
Marehemu mume wangu lake alilisahau kabla hajalimaliza.

Na ni Faki aliyeuona mlango,
akitafuta pa kupitishia waya.
Nyuma ya mlango wa jiko nina mistari ya makaa.
Kila kiangazi, kisima kikishuka kabisa,
napima kamba kavu kwa shubiri,
kila shubiri mkato mmoja,
na kiduara, mwaka maji yakiwa na chumvi.
Si kwa elimu. Ni kwa ajili ya Bimkubwa, jirani yangu,
aliyesema wanangu wanammalizia maji.
Nilitaka siku ya ugomvi niwe na ushahidi.

Wakajaa jikoni wote watatu, wakisemea kwa pamoja.
Msellem alipiga magoti mbele ya makaa yangu
kama kwamba mlango nao umefukuliwa.
Raya alihesabu viduara: juu vichache, chini vinaongozana.
"Bahari inaingia," akasema, kwa sauti ya mtu aliyeona nyoka.
Faki alitaka kidude kishuke kisimani usiku huo huo.
Kisha wakaniomba mlango.
Nikawauliza, "Na jiko nitalifunga kwa nini? Kwa digrii?"

Safu ya kumi na tisa ni tupu.
"Ulisahau, bibi?"
Sikusahau. Kiangazi kile nilikuwa edani.
Maji alinitekea Bimkubwa, asubuhi na jioni,
akiweka ndoo kizingitini bila neno.

Kalamu ya Raya ikasimama.
"Tuandike sifuri?" Faki akauliza taratibu.
"Sifuri ni namba," Msellem akasema. "Acha wazi."

Mimi nikasema: wazi ya nini, na mwenyewe yuko hai?
Nendeni mkamuulize. Kamba aliishika yeye.
Mwambieni nimewatuma.
Na msimtajie kwa nini nilianza kupima.

Wakatoka, watu watatu, daftari moja,
nikawasikia uani wakibishana nani abishe hodi.